Siku tisa, magurudumu matatu: kupanga safari ya pikipiki kwenye hifadhi za magharibi mwa Marekani

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanzoni mwa Oktoba, nilikuwa juu ya Boulder Mountain, Utah, mita 2,900 na ushei kutoka usawa wa bahari, nimevaa jaketi la ngozi na fulana ndani. Asubuhi yake nilikunywa chai Springdale, bondeni, jua linawaka kama la Dodoma. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kilomita: mia tatu na ishirini, siku nzima iko mbele yangu, nitafika tu. Mwinuko sikuuhesabu, wala zile saa zinazopotea kila ukisimama kupiga picha. Chenga za barafu zilipoanza kugonga kioo cha helmeti, vidole vya mkono wa kushoto vilishagoma kukamata klachi, na kulungu walikuwa wamejipanga pembeni ya lami kama abiria wanaosubiri daladala.

Tangu siku ile napanga safari kwa mwinuko na saa. Kilomita zinakuja baadaye.

Mzunguko nitakaoueleza unaanzia na kuishia Las Vegas: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Arches, Monument Valley, Grand Canyon, kisha kurudi. Ni kilomita 1,800 hivi kabla hujaweka michepuko. Naandika kwa Waswahili tulioko huku (Salt Lake City, Boise na Phoenix kuna Wakongo na Warundi wengi, hutakosa mtu wa kukusalimu "jambo sana") na kwa mgeni anayekuja na leseni yake mfukoni.

Hatua ya 1: Chagua jangwa au chagua milima

Wengi huchukua ramani wakaunganisha kila hifadhi yenye jina: Grand Canyon, kisha Yellowstone, kisha Glacier, turudi kupitia Yosemite. Kwa gari unaweza ukajikokota ukamaliza. Kwa pikipiki kalenda inakukatalia.

Jangwa la kusini mwa Utah na kaskazini mwa Arizona ni tamu Aprili na Mei, na tena kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Aprili hiyo barabara za juu huko kaskazini bado ziko chini ya theluji. Going-to-the-Sun, inayokata katikati ya Glacier, kwa kawaida haifunguki yote mpaka mwishoni mwa Juni au Julai. Beartooth, ile US 212 inayopanda mita 3,337 kabla ya kukushusha kwenye lango la kaskazini mashariki la Yellowstone, hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba. Yellowstone yenyewe, barabara zake nyingi hufungwa kwa magari mapema Novemba, na hazianzi kufunguliwa tena mpaka katikati ya Aprili.

Subiri basi Julai, milima yote iko wazi. Lakini Julai hiyohiyo jangwa linaungua. Mwaka 2024, mwezi huo, kundi la waendesha pikipiki sita liliingia Death Valley siku ambayo joto lilifika nyuzi 53. Mmoja alifariki, mwenzake akakimbizwa hospitali akiwa hoi, na helikopta ya wagonjwa haikuweza kuja, kwa sababu hewa yenye moto kiasi kile ni nyepesi mno kuibeba. Halafu kuanzia Julai hadi Septemba kuna mvua za radi za mchana. Mawingu yanajijenga tangu saa sita, saa nane au tisa yanamwaga, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linageuka mto wa matope.

Kwa hiyo ukitaka milima, nenda Julai au Agosti, uanzie Jackson au Cody, miji ya Wyoming, na jangwa uliache. Epuka tu wiki ya mkutano wa Sturgis, mapema Agosti, maana pikipiki kwa mamia ya maelfu humiminika South Dakota na vyumba hupanda bei hadi ndani ya Wyoming. Ukitaka jangwa, mimi nakushauri wiki ya mwisho ya Septemba na mbili za kwanza za Oktoba. Kuanzia hapa naongelea safari hiyo.

Hatua ya 2: Mawili au matatu?

Usidhani naongelea guta la Kariakoo. Traiki za huku ni aina mbili. Kuna zenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama Harley-Davidson Tri Glide au Honda Gold Wing iliyofungwa ekseli ya nyuma. Na kuna zenye mawili mbele na moja nyuma, kama Can-Am Spyder na Ryker. Hizi za pili zinashika kona vizuri zaidi, za kwanza zinabeba mizigo na abiria kwa raha zaidi.

Aliyezoea pikipiki ndiye anayepata tabu kwenye traiki, kuliko hata asiyejua kitu. Mwili wako umefundishwa kulala na kona. Traiki hailali. Unageuza usukani kama unageuza mkokoteni, na kona inakusukuma nje, kwa hiyo mikono na tumbo vinafanya kazi ambayo hukuitarajia. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri kuwa ndani yake. Jambo jingine, na hili nimelipata kwa buti lililochubuka: ukisimama, usishushe mguu. Mazoea ya miaka yote yanakwambia kanyaga chini ushike uzito, lakini nyuma ya mguu wako kuna tairi pana linalokuja. Miguu ibaki juu mpaka umezima injini.

Motorcycle Safety Foundation wana kozi ya magurudumu matatu, na hutolewa katika majimbo mengi. Kama hujawahi kuendesha traiki, ifanye kabla ya safari. Kujifunzia kwenye barabara ya Zion, nyuma yako pana magari ishirini, si mahali pake.

Nani achukue ipi? Kama mama watoto anakuja na sanduku lake, chukua Tri Glide: ina gia ya kurudi nyuma, kiti cha abiria chenye mgongo, na changarawe kidogo haiwatetemeshi roho. Upepo wa ubavu pia inauvumilia. Kama uko peke yako na una miaka kadhaa kwenye usukani, chukua magurudumu mawili, maana Highway 12, ile barabara ya Bryce hadi Torrey, kwenye pikipiki inayolala ni kitu ambacho traiki haiwezi kukupa, hata ikiwa na redio ya aina gani.

Makampuni ya kukodi yapo Las Vegas, EagleRider likiwa mojawapo kubwa. Wengi hudai uwe na miaka 21 au zaidi na kadi ya benki ya kushikia amana. Soma mkataba mahali panapotaja barabara zisizo na lami. Karibu wote wanakataza, na ukianguka huko bima yao haikujui. Kwa hiyo Moki Dugway, ile njia ya vumbi inayopanda ukuta wa mwamba karibu na Mexican Hat, ione kwenye picha za watu.

Hatua ya 3: Leseni, helmeti, na upande wa barabara

Leseni ya huku lazima iwe na idhini ya pikipiki. Ya gari peke yake haitoshi kwa magurudumu mawili, na kwa matatu majimbo hayafanani, kwa hiyo uliza jimbo lililotoa leseni yako. Mgeni aje na leseni ya nyumbani inayoruhusu pikipiki, pamoja na kibali cha kimataifa kinachoonyesha hivyohivyo.

Nevada inamlazimisha kila mtu kuvaa helmeti. Ukivuka kuingia Utah, sheria inawabana walio chini ya miaka 21 tu, Arizona walio chini ya 18. Utawaona wazee wa ndevu nyeupe wanavua helmeti mpakani kama wanavua viatu mlangoni. Usiwaige.

Kuchomekea katikati ya magari, jambo ambalo dereva wa bodaboda hulifanya bila kufikiri, Nevada ni kosa. Utah tangu 2019 inaruhusu kupita kati ya magari yaliyosimama, kwenye barabara zisizozidi maili 45 kwa saa, nawe usizidi maili 15. Arizona iliruhusu kitu kama hicho mwaka 2022. Madereva wengi wa magari hawazijui sheria hizi, na anayekufungulia mlango wa gari usoni hatakuwa anasoma kanuni. Kaa kwenye foleni.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda ajue kwamba upande wa barabara utamponyoka siku ya tatu, akishajiamini. Itakuwa asubuhi, anatoka sheli, barabara tupu, hakuna gari la kumkumbusha, na mkono unamvuta kushoto. Bandika kipande cha tepu juu ya tenki, uchore mshale wa kulia. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda hapa wanatucheka tu.

Hatua ya 4: Kiingilio

Pikipiki hulipa dola 30 Zion, Bryce na Grand Canyon, na kiingilio hudumu siku saba katika hifadhi husika. Ukijumlisha na Arches na Canyonlands, kadi ya mwaka ya hifadhi zote, dola 80, inakuwa nafuu. Tangu Januari 2026 kadi moja inafunika pikipiki mbili, jambo ambalo tulililia siku nyingi.

Ila mwaka huohuo wa 2026 bei ya mgeni ilitengwa na ya mkazi. Mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho cha serikali chenye picha bado analipa 80. Asiye mkazi analipa 250 kwa kadi. Asiponunua kadi, anaongezwa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi kwenye hifadhi 11 zinazotembelewa sana, na Zion, Bryce na Grand Canyon zimo. Hesabu inajifanya yenyewe. Njoo na kadi ya benki, kwa sababu hifadhi nyingi hazipokei noti langoni.

Monument Valley haimo kabisa katika mfumo huu. Ni ardhi ya Wanavajo, ina kiingilio chake na sheria zake. Pombe hairuhusiwi katika eneo lao, na ile barabara ya vumbi ya maili 17 inayozunguka minara ya mawe hairuhusu pikipiki. Panda gari la mwongozaji wa Kinavajo.

Hatua ya 5: Gawa siku kwa mwinuko

Chukua daftari. Kila siku iandikie mambo matatu: unalala mita ngapi, unapita juu kabisa mita ngapi, na saa ngapi utakuwa pale juu. Kila ukipanda mita elfu moja, joto hupungua kwa nyuzi sita hadi saba, na hapo hujahesabu upepo wa mwendo wako mwenyewe. Kwa kulinganisha, Nairobi iko mita 1,795.

Mwanzoni mwa Oktoba, Utah jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Kulungu huvuka barabara alfajiri na magharibi. Mimi huondoka saa mbili na nusu na kuzima injini saa kumi na moja, sibishani na mtu. Toa muda wa chakula, mafuta na kushangaa, zinabaki saa tano za kuendesha, na hizo kwa barabara hizi ni kilomita 250 za raha.

Siku ya kwanza: Las Vegas (mita 600) hadi Springdale, mlangoni mwa Zion (mita 1,200), kilomita 260. Njia kuu ya I-15 inapita ndani ya korongo la mto Virgin, kona zake zina upepo unaobadili upande ghafla. Ukiingia Utah unapoteza saa moja.

Siku ya pili usiwashe pikipiki. Barabara ya ndani ya bonde la Zion, kuanzia Machi hadi Novemba, ni ya mabasi ya hifadhi tu. Panda basi la bure, tembea kwa miguu, pumzisha mgongo.

Siku ya tatu, Zion hadi Bryce, kilomita 135 tu, lakini zimejaa. Unapanda kona hadi kwenye handaki lililokamilika mwaka 1930, urefu wake karibu kilomita 1.8, halina taa. Kabla ya kuingia vua miwani ya jua au funua kioo cheusi. Mchana nje ni mkali mno, na sekunde tano za kwanza ndani huoni hata mikono yako. Bryce ukingo wake uko mita 2,400 na mwisho wa barabara, Rainbow Point, karibu 2,780. Endesha moja kwa moja mpaka mwisho, ndipo usimame kwenye vituo wakati wa kurudi, maana vingi viko mkono wako wa kulia ukirudi na hutakatiza magari. Usiku huo maji yanaweza kuganda. Funika kiti, kwani kiti chenye barafu asubuhi ni adhabu.

Siku ya nne ndiyo iliyonifundisha. Highway 12, Bryce hadi Torrey, kilomita 180, na ipewe siku nzima. Baada ya Escalante barabara inashuka kwenye miamba mieupe, kisha inapanda mgongo mwembamba unaoitwa Hogback, kuna bonde kulia na bonde kushoto, na sehemu kubwa haina kingo za chuma. Hapo macho yafuate unakotaka kwenda. Ukitazama shimo, pikipiki nayo italitazama. Kunywa kahawa Boulder, mji mdogo uliotengwa kiasi kwamba hata karne ya 20 ikiwa imeshapiga hatua barua zilikuwa zikifikishwa kwa nyumbu. Kutoka hapo unapanda mpaka mita 2,926. Wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, kwa hiyo wewe uko juu yao, umekaa kwenye upepo. Vuka kilele hicho kabla ya saa tisa alasiri, hata kama itabidi uache picha nyingine nyuma. Ng'ombe hawana uzio huku. Ukimwona mmoja, tarajia wenzake nyuma ya kona.

Torrey (mita 2,080) lala mapema. Asubuhi ya siku ya tano, kilomita chache tu mbele, ndani ya Capitol Reef, kuna bustani za matunda za Fruita zilizopandwa na walowezi Wamormoni tangu miaka ya 1880. Msimu ukiwa wazi unachuma mwenyewe, unapima, unalipa. Matufaha ya Oktoba kwenye mkoba wa pikipiki ni chakula cha siku mbili. Barabara ya 24 inapita katikati ya hifadhi bila lango. Kisha tambarare ya kijivu inayofanana na mwezi, kisha Hanksville, kisha Moab (mita 1,230). Kilomita 240, na mchana utavua nguo ulizovaa asubuhi.

Siku ya sita ni ya Arches na, nguvu zikibaki, Canyonlands upande wa Island in the Sky. Arches ina matao ya mawe zaidi ya 2,000 na haina hata kibanda cha chakula wala mafuta. Imewahi kudai tiketi za saa maalumu za kuingia, kwa hiyo tazama tovuti ya hifadhi kabla hujaweka nafasi ya kulala.

Siku ya saba, Moab hadi Monument Valley, kilomita 240 kwa US 191 na 163. Barabara inaposhuka kuelekea minara, utakuta watu wamesimama katikati ya lami wanapigana picha. Wao hawakuangalii, wewe ndiye wa kuwaangalia.

Siku ya nane, kilomita 290 hadi Grand Canyon ukingo wa kusini, mita 2,130. Ingia kwa lango la mashariki kupitia Cameron, usimame kwanza Desert View penye mnara wa mawe wa mwaka 1932 uliobuniwa na Mary Colter. Ni mlango bora kuliko ule mwingine wenye foleni. Usiwaze ukingo wa kaskazini katika safari hii. Ni mzunguko mwingine kabisa, msimu wake ni mfupi, na moto wa Julai 2025 uliteketeza hoteli kongwe iliyokuwa pale.

Saa nazo zina mtego wake siku hizi mbili. Wakati Utah iko kwenye saa za kiangazi, Arizona haisogezi saa zake. Lakini eneo la Wanavajo, ambalo sehemu kubwa yake imo ndani ya Arizona, linazisogeza. Unaweza kutoka Monument Valley saa tatu, ukaendesha karibu saa nne, na simu ikakuambia umefika Grand Canyon saa sita. Jua linakuwa limezama saa kumi na mbili jioni, siyo saa moja. Mwanzoni nilidhani simu imeharibika.

Siku ya tisa ndiyo ndefu, kilomita 450 hadi Las Vegas. Ukiwa na siku ya ziada, kata vipande viwili: shuka Williams, ondoka njia kuu, fuata Route 66 ya zamani kutoka Seligman hadi Kingman, kilomita 140 za barabara iliyosahauliwa na malori, na ulale Kingman.

Vyumba vya Springdale, Torrey na Moab huisha miezi kabla. Kambi nyingi za hifadhi huwekwa kwenye Recreation.gov hadi miezi sita mbele, na zinachukuliwa asubuhi ile ile zinapofunguliwa.

Hatua ya 6: Mafuta

Kanuni yangu ni nusu tenki. Ikifika nusu, sheli ya kwanza nasimama, hata kama bei inaniuma. Tri Glide inabeba lita 22.7, na ukiendesha kistaarabu utatembea kama kilomita 300, lakini upepo wa mbele wa Wyoming au Utah unakula tenki kama mgeni wa harusi. Kwenye mzunguko huu jaza Escalante, Torrey, Hanksville, Moab, Kayenta na Cameron, na baada ya Grand Canyon jaza Tusayan. Ukishawishika kupita I-70 upande wa magharibi, kati ya Green River na Salina kuna kilomita 177 bila sheli, bila duka, bila choo cha maana. Barabara ya 95 kutoka Hanksville kwenda Blanding nayo usiitegemee.

Tazama namba kwenye pampu. Majimbo ya mwinuko, Utah likiwemo, huuza petroli ya oktani 85 kama ya kawaida (oktani ni kipimo cha petroli kuzuia injini isigonge). Injini kubwa za Harley zinataka 91. Ukiweka 85 na ukapanda mlima na abiria siku ya joto, utaisikia injini inagonga kama njugu kwenye sufuria. Na mpini wa kijani, ambao kwingine ni petroli, huku mara nyingi ni dizeli. Kadi ya benki ya kigeni ikikataliwa kwa sababu pampu inadai namba ya posta, ingia dukani, lipa kabla, sema namba ya pampu.

Hatua ya 7: Mavazi

Kwa siku moja utapita nyuzi 30 na nyuzi 2. Jaketi moja nene haitoshi wala haifai. Vaa tabaka: fulana ya kukauka haraka, sweta jepesi la sufu au la kujazwa, jaketi la pikipiki lenye vilinzi vya viwiko na mgongo, na juu yake koti la mvua ambalo pia linazuia upepo. Glovu jozi mbili. Zile za baridi ziwe mahali unapozifikia bila kufungua mizigo yote, kwa sababu utakapozihitaji vidole havitakuwa na akili ya kufungua zipu.

Wengi wakisikia joto wanavua. Hewa ikizidi joto la mwili, upepo haukupoozi tena, unakukausha kama samaki wa kuanikwa Feri. Funika mwili, lowesha fulana ya ndani, funga jaketi ukiacha matundu machache wazi. Begi la maji la mgongoni lenye mrija, lita mbili au tatu, linakufanya unywe bila kusimama. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umeshachelewa.

Hatua ya 8: Vya kubeba, kwa kifupi

Spana za pikipiki yako, kifaa cha pancha na pampu ndogo, tepu, taa ya kichwani, dawa zako, nakala ya karatasi za bima. Bima iangalie vizuri zaidi kuliko tairi, hasa kipengele cha matibabu na cha kuvutwa, maana gari la kuvuta traiki kutoka Hogback halitozi bei ya kirafiki. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa bado baridi.

Mtandao wa simu utakosekana kwa saa nzima mara kadhaa. Pakua ramani kabla. Simu yenye uwezo wa kutuma dharura kwa setelaiti, au kifaa kama Garmin inReach, ni pesa iliyotumika vizuri. Kila asubuhi nampigia mtu mmoja namwambia: leo nalala mahali fulani, usiponisikia kufikia saa mbili usiku, piga 911 ueleze barabara hii.

Hatua ya 9: Lami ina vituko vyake

Nyufa za barabara huzibwa kwa michirizi ya lami nyeusi. Jua likipanda inalainika, na tairi linateleza juu yake kama kwenye ganda la ndizi, hasa katikati ya kona. Usifunge breki juu yake. Vyuma vya kuzuia ng'ombe vinavyokatiza barabara vivuke ukiwa umenyooka, bila breki na bila kuongeza mafuta. Changarawe hujikusanya kwenye maingilio ya mashamba na mahali pa kuegesha kutazama mandhari, ndiyo sababu wengi huanguka wakiwa kwenye mwendo wa kutembea, mbele ya watalii.

Maji yakipita juu ya barabara, simama, hata kama yanaonekana ya kifundo cha mguu. Radi ikianza ukiwa juu ya mlima, shuka. Chini ya mti si mahali pa kujikinga.

Ukisafiri na wenzako, mwenye mwendo mdogo aende mbele. Kubalianeni kwamba kwenye kila njia panda wa mbele anamsubiri wa nyuma, basi. Tuliwahi kupotezana na shemeji yangu kwa saa mbili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake yuko mbele, naye alikuwa Hanksville anakula baga.

Hatua ya 10: Kurudisha

Siku ya kuchukua, zunguka pikipiki na simu ukirekodi video: tenki, mabati, rimu, matairi, namba ya kilomita, hata chini ya mikoba. Siku ya kurudisha fanya vilevile mbele ya mpokeaji, na umwombe asaini kabla hujavua glovu. Safari yangu ya kwanza kampuni moja ilinidai mkwaruzo ambao ulikuwepo tangu mwanzo, na sikuwa na picha. Jaza tenki umbali wa kilomita chache kabla ya duka lao na utunze risiti. Ofisi nyingi za kukodi hufunga saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ukitoka Kingman asubuhi unayo nafasi ya kutosha, ila foleni ya Las Vegas huanza saa tisa na hapo huruhusiwi kuchomekea.